"Ikiingia, inapigika": uongo utakaotukata vidole

Nimerudi kijijini na hasira. Ba'mdogo ana bunduki ya marisau ya mitutu miwili aliyoachiwa na babu, ambaye naye aliinunua kwa mlowezi wa Kiingereza. Kibali anacho. Anaitumia kufukuza nguruwe pori shambani. Safari hii nimemkuta na boksi la risasi mpya kutoka mjini.

"Ba'mdogo, una hakika zinafaa kwa bunduki hii?"

Akacheka. "Mwanangu, ikiingia, inapigika."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo kauli ninayoipinga leo. Nimeisikia kwa wazee na pia kwa wasomi wenzangu wanaojifanya wajuzi wa silaha. Ni uongo mtupu.

Kwanza, kuingia si hoja. Bunduki nyingi za kale za Uingereza za namba 12 zina chemba ya milimita 65. Risasi nyingi za leo ni za 70. Utasema basi haziwezi kuingia. Zinaingia! Urefu wa 70 hupimwa ganda likiwa limeshafunguka. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo risasi inatumbukia vizuri tu. Ukifyatua, mkunjo unafungukia pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba. Njia inabanwa, shinikizo linapanda.

Pili, baruti. Baruti isiyo na moshi ilitengenezwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Bunduki nyingi za kabla ya hapo, na za miaka mingi baadaye, zilipimwa kwa baruti nyeusi tu. CIP, tume ya kimataifa inayosimamia vipimo hivi, inaruhusu risasi ya kawaida ya namba 12 ifikie bar 740. Tairi la gari lako dogo lina bar 2 na kitu. Sasa weka hizo 740 ndani ya bomba ulilolishika kwa mkono wa kushoto.

Tatu, kutu. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Kwa nje bunduki inang'aa, kumbe ndani imeliwa. Fundi akiukwangua mtutu ili upendeze, unene unazidi kupungua.

Hapo utajibiwa, "Mbona imepiga miaka 40 bila tatizo?" Jamani, hata basi la dereva mlevi hufika Dodoma kila siku, mpaka siku lisipofika.

Lakini siwaungi mkono wale wa upande wa pili pia, wanaosema kila bunduki ya kale ni bomu, hasa zile za mtutu wa Damascus, uliosokotwa kwa vipande vya chuma na kuunganishwa kwa moto na nyundo. Si kweli. Hadi leo Waingereza huzipeleka bunduki za aina hiyo London au Birmingham, ambako kuna nyumba za kupima silaha. Wenzao wa London walianza kazi hiyo kwa hati ya mfalme ya mwaka 1637, na ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Mtutu unapigwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Ukivumilia, unagongwa muhuri. Ukipasuka, unapasukia huko, si usoni kwa mkulima.

Kwa hiyo umri si hoja, na kuingia si hoja. Hoja ni moja tu: bunduki HII, kwa risasi HII, imepimwa na nani?

Nilimwomba ba'mdogo tuivue mitutu. Chini yake mihuri ya Birmingham ipo. Alama ya NP, inayoonyesha imepimwa kwa baruti ya kisasa, hakuna. Nikamwonyesha na boksi, limeandikwa 70.

Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akalisukuma boksi chini ya kitanda. "Nguruwe hawasubiri wasomi," akasema.

Mahindi yamekomaa sasa. Kila simu ya kijijini ikiita usiku, nashtuka.

Kama nyumbani kwenu ipo bunduki ya babu, ivue mitutu kabla ya kununua risasi. Naomba kutoa hoja.