Wanaume Nao Wafunge Uzazi, Ila kwa Hiari

Ndugu wanachama, tangu mwaka huu uanze tumekuwa tukizunguka katika matawi kuandikisha watu na kukagua vitabu, na liko swali moja tuliloulizwa mara nyingi kupita maswali ya mbolea na barabara. Haliulizwi mkutanoni. Huulizwa pembeni, mkutano ukishavunjika na kina mama wameshashika njia, na muulizaji hushusha sauti kama mtu anayetafuta bidhaa ya magendo. Ati, ni kweli kwamba mwanamume akienda hospitali kufunga uzazi hurudi maksai? Na je, hii si hila ya wageni ya kutupunguza Waafrika? Hayo ni maswali mawili, nasi tumeona vema kuyajibu hapa hapa gazetini, mahali ambapo kina mama nao watasoma, kwa maana jambo lenyewe lawahusu wao zaidi ya linavyotuhusu sisi.

Tuanze na maksai. Kila mfugaji ajua maksai hufanywaje: ng'ombe huondolewa korodani, au mishipa yake hupondwa kwa koleo mpaka korodani zikafa. Korodani ndizo zitoazo nguvu za kiume, na ndiyo sababu maksai hupoa na kukubali nira. Sasa, kufunga uzazi kwa mwanamume, ambako madaktari hukuita vasektomi, hakuondoi korodani wala hakuziharibu. Katika tawi moja tulichora jambo hili kwa kijiti mchangani, kama tulivyozoezwa kuchora ubaoni tulipokuwa chuo cha ualimu: hapa korodani, pale njia ya kutokea, na katikati mirija miwili myembamba, mmoja kila upande, ipitishayo mbegu. Daktari huikata mirija hiyo na kuifunga, basi. Mbegu zaendelea kufanywa lakini hazipati njia, na mwili huzinyonya wenyewe. Nguvu za kiume hazipiti katika mirija ile. Hupita katika damu, na damu haikufungwa. Ndevu hubaki, sauti hubaki, hamu hubaki. Hata maji ya kiume hutoka karibu kama zamani, kwa kuwa sehemu kubwa yake hutengenezwa mbele ya pale palipokatwa. Mzee mmoja aliutazama mchoro wetu kwa muda, akasema, "Kumbe mfereji ndio unaozibwa, kisima kipo." Wala sisi hatukuwa na maneno mazuri kuliko hayo.

Tumesema tutaeleza, basi tueleze mpaka mwisho. Tulimsindikiza mwanachama mwenzetu mmoja, fundi seremala, baba wa watoto sita. Mkewe katika uzazi wa sita alitokwa na damu nyingi hata akaongezwa damu hospitalini, na mganga akamwonya kwamba mimba nyingine huenda ikamwua. Bibi yule alijaribu vidonge, vikamletea maumivu ya kichwa. Akajaribu sindano, ikamvurugia siku zake miezi kadhaa. Fundi alifikiri mwaka mzima. Alizungumza kwanza na mkewe, kisha na kaka yake mkubwa, ambaye alinuna akasema ukoo wao haujapata kuwa na mtu wa namna hiyo.

Siku ya kwanza hospitalini hakuguswa. Mganga aliwaketisha wote wawili akawauliza maswali ambayo fundi aliyaona ya kuudhi. Je, watoto wakifa? Je, mkeo akifariki nawe ukaoa msichana asiyepata kuzaa? Je, yuko mtu anayekushurutisha? Fundi alidhani anacheleweshwa makusudi. Sisi twaona mganga yule alitimiza wajibu wake sawasawa, kwa sababu jambo hili lapasa kuhesabiwa kuwa la kudumu. Upo upasuaji wa kuiunganisha tena mirija, lakini ni mgumu na wa gharama, na hata aupataye hana hakika ya kupata mtoto. Mtu mwenye shaka arudi nyumbani. Vipo vijiti, vitanzi na kondomu kwa ajili ya wenye shaka.

Siku ya pili alidungwa sindano ya ganzi, na atakwambia mwenyewe kwamba sindano hiyo ndiyo iliyouma. Hakupasuliwa kwa kisu. Daktari alitoboa tundu dogo katika ngozi kwa chombo chenye ncha, akaivuta mirija mmoja baada ya mwingine. Njia hii ilibuniwa na daktari wa Kichina, Li Shunqiang, katika jimbo la Sichuan mwaka 1974. Kazi yote haikutimiza nusu saa, na fundi akatoka kwa miguu yake akaenda kunywa chai. Aliagizwa avae chupi ya kubana, apumzike siku mbili, asinyanyue mbao wala kupanda baiskeli kwa wiki moja, na akiona uvimbe unaokua, usaha au homa, arudi upesi. Alivimba kidogo, pakawa na weusi wa damu kuvilia, kisha pakapona. Hatusemi kila mtu hupona hivyo. Wapo wachache wanaobaki na maumivu kwa muda mrefu, na ni haki yao kuambiwa kabla.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwanamume hurudi nyumbani akidhani mambo yamekwisha siku ile ile. Hayajakwisha! Mbegu zilizokwisha kupita kabla ya kukatwa bado zimo njiani, na yapasa watu wawili hao watumie kinga nyingine kwa miezi mitatu, kisha maji yake yapimwe kwa darubini kuhakikisha hayana kitu. Asiyefanya hivyo aweza kumpa mkewe mimba mwezi wa pili, halafu akamwita mzinzi mbele ya wakwe. Na hata baada ya kupimwa, bado lipo kosa dogo, pungufu ya mmoja katika mia. Tena ajue kwamba kufungwa huku hakuzuii UKIMWI wala kisonono hata kidogo.

Sasa swali la hila ya wageni. Mwanachama aliyeliuliza asichekwe, kwa maana historia iko upande wake. Huko Marekani, daktari wa gereza katika jimbo la Indiana alianza kuwafunga wafungwa uzazi mwaka 1899, na mwaka 1907 jimbo hilo likatunga sheria ya kuwafunga kwa nguvu watu walioitwa wahalifu na wapungufu wa akili. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria yake mwaka 1933, na watu wapatao 400,000 wakafungwa uzazi bila ridhaa yao. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Nchini Namibia wanawake wenye virusi vya UKIMWI walifungwa uzazi katika hospitali za serikali bila ridhaa ya kweli, wakaenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema walidhulumiwa.

Lakini habari itupasayo kuitafakari kuliko zote ni ya India, nchi iliyopata uhuru wake kabla yetu na iliyotawaliwa na chama cha wazalendo. Mwezi Juni 1975 serikali ya Bibi Indira Gandhi ilitangaza hali ya hatari, na mwanawe Sanjay, ambaye hakuwa na cheo serikalini, akaanzisha mbio za kufunga watu uzazi. Kila jimbo lilipewa idadi ya kutimiza. Katika mwaka wa 1976 hadi 1977 walifungwa watu zaidi ya milioni 8, walio wengi wakiwa wanaume. Wako waliopewa fedha na samli, na wako waliokamatwa. Mwezi Novemba 1976 polisi walikizingira kijiji cha Uttawar, jimbo la Haryana, wakawachukua wanaume wakawapeleka kwenye vyumba vya upasuaji. Na sisi tuliosomea ualimu twasoma kwa uchungu kwamba hata walimu walitakiwa kuleta watu, na wasioleta walizuiliwa mishahara yao. Fikiri, mwalimu anaingia darasani huku akiwahesabu baba za wanafunzi wake!

Matokeo yake yalikuwa nini? Mwezi Machi 1977 wananchi walikinyima kura chama kile kilicholeta uhuru, na Bibi Gandhi mwenyewe akashindwa katika jimbo lake. Lakini yako matokeo mengine ambayo watu hawayasemi sana. Wanaume wa India waliliogopa jambo hili tangu siku ile, na mzigo wote ukahamishiwa kwa wake zao. Uchunguzi wa serikali ya huko wa mwaka 2019 hadi 2021 ulionyesha kwamba katika wake mia, karibu 38 wamefungwa uzazi. Wanaume hawafiki hata mmoja. Mwezi Novemba 2014, katika jimbo la Chhattisgarh, wanawake zaidi ya 80 walipasuliwa kwa saa chache tu katika kambi moja, na zaidi ya kumi wakafa. Viongozi walitumia nguvu kwa wanaume, nao wanawake ndio waliolipa, na wangali wakilipa.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la pili ni hili. Anayekuja na idadi ya kutimiza, awe mgeni au mwenzetu mwenye kadi ya chama, mkataeni. Anayetoa fedha, sukari au khanga ili mtu afungwe, mkataeni. Lakini mwanamume na mkewe waliokaa wakahesabu watoto wao na nguvu zao, wakaamua, hao hawajatumwa na mgeni yeyote, na anayewazuia kwa kuwaita vibaraka anawanyang'anya uamuzi wao kama polisi wa Haryana alivyowanyang'anya wale. Hatusemi nchi imejaa. Hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha Watanzania milioni 12 na zaidi kidogo, na ile ya mwaka 2022 milioni 61 na laki 7, na ardhi bado ipo. Mwalimu Nyerere alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969 hakuogopa wingi wa watu. Aliwataka wazazi watazame uwezo wa kuwatunza watoto kuliko idadi yao. Hiyo ni kazi ya baba na mama, haina kiwango cha wilaya.

Na kwa nini tuseme wanaume? Kwa sababu kumfunga mwanamke ni lazima tumbo lifunguliwe, na kwa mwanamume ni tundu la ngozi tu. Mke amebeba mimba sita, amemeza vidonge, amedungwa sindano, amewekwa kitanzi. Ikifika siku ya kufunga kabisa, hapo tena apelekwe yeye? Hapa kwetu wanaume waliofunga hawafiki mmoja katika mia. Watafiti waliozungumza na watu wa Kigoma, taarifa yao ikatolewa mwaka 2007, walikuta kwamba wanaume waliokubali walisukumwa na ugumu wa maisha na maneno ya wake zao, na waliokataa wengi walikuwa hawajui hasa kinachofanyika. Wengine, nasi twawajua, wanaweka akiba kwa ajili ya mke wa pili. Hao waseme hivyo wazi, wasisingizie ubeberu.

Wako wanaokataa kwa imani. Kanisa Katoliki halikubali, na masheikh wengi hukataza kufunga moja kwa moja pasipo dharura. Hatuna ugomvi nao. Muumini na amwulize kiongozi wake wa dini, wala mkutano wa tawi usigeuzwe mahakama ya imani ya mtu. Vijana nao wasikimbilie. Sisi tuandikao haya hatujatimiza miaka 30 na hatujafunga, wala hatuna aibu kulisema, kwa sababu hatuhimizi mtu yeyote afunge. Twataka aliyeamua asitukanwe.

Yule fundi ametukanwa. Gengeni waliacha kumwita fundi wakamwita Maksai, mpaka siku moja mkewe alipowauliza mbele ya watu ni nani kati yao amewahi kumbeba mkewe akivuja damu usiku. Tangu hapo kimya. Lakini baada ya miezi mitatu alipanda basi kwenda kupimwa, akaambiwa mpimaji hayupo. Akarudi wiki ya pili, darubini ikawa mbovu. Nauli ya safari mbili, na bado hajui kama amefungika. Wengine wanne katika kata ile wangoja vivyo hivyo. Tumepeleka barua kwa mganga mkuu wa wilaya, kuomba siku maalumu ya kupima kila mwezi, na nakala iko kwa diwani. Matawi yenye watu wa namna hii yatuletee idadi tu, bila majina, kabla ya kikao cha wilaya.