Shajara za Pemba zimemwacha mama

Muulize mzee wa Wete au Chake Chake mwenye asili ya Oman jina lake kamili, hatakupa mawili tu. Ataanza na lake, ataunga la baba, la babu, la baba wa babu, kila moja likifuatana na "bin", mpaka afikie nisba: Mazrui, Riyami, Barwani, Harthi. Wengine wanayo karatasi yenyewe, shajara iliyoandikwa kwa wino na kuhifadhiwa sandukuni. Sasa muulize babu yake wa nne alizaliwa na mama gani. Hapo uzi hukatika.

Kukatika huko hakukutokea kwa bahati mbaya, na Wapemba wanao wajibu wa kuuunga uzi huo.

Chukua ukoo wa Mazrui, mmoja wa koo za wahamiaji zenye historia iliyoandikwa vizuri zaidi katika mwambao huu. Walitoka Oman, na katika karne ya 18 wakawa magavana wa Mombasa. Pemba ilikuwa ghala lao, kwani mchele wake ulilisha mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 majeshi ya Seyyid Said, mtawala wa Oman, yaliwanyang'anya kisiwa, na mwaka 1837 Mombasa nayo ikaanguka. Karne moja baadaye, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya utawala wa wazee wake. Ni kazi ya thamani kubwa. Lakini kama tarikhi nyingi za aina yake, ni habari ya baba, mwana na ami: nani alitawala, nani alipigana, nani alirithi.

Wanaume hao hawakufika kwenye ardhi tupu. Mwaka 1984 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata huko Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa mwambao huu huu, waliotangulia utawala wa Mazrui kwa karne nyingi. Walikuwapo wenyeji, wenye miji na wenye mabinti. Na baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja na kuibakiza mingi ya Pemba, mashamba yalipanuka, na yakaletewa watumwa kutoka bara: Wanyasa, Wayao, Wazaramo, Wamanyema. Wanawake miongoni mwao walilima, walichuma karafuu, na wengine walifanywa masuria. Wakazaa.

Kisheria, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana alikuwa huru na alibeba nasaba ya baba yake sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Basi jina la baba likaingia katika shajara, la mama likabaki nje. Jambo hili halikuwa la pembeni. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, watoto wake waliobaki hai walikuwa wa masuria. Mmoja wao, Bibi Salme, alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1886, na humo akamtaja mama yake kwa jina: Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa utotoni. Tunamjua kwa sababu binti yake alishika kalamu. Masuria wa mashamba ya Pemba hawakupata wa kuwaandikia.

Hata uhuru uliwachelewea. Amri ya Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba haikuwahusu masuria. Wao walisubiri hadi 1909. Kwa hiyo makaratasi ya mahakama za wilaya yaliyotokana na amri ile yanaweza kumsaidia mtu kumtafuta babu aliyekuwa mtumwa, lakini hayamsaidii sana anayemtafuta bibi aliyekuwa suria.

Damu, hata hivyo, haikusahau. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya mwambao kama Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa, Manda na Faza. Mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Asia, hasa Waajemi, ulianza yapata mwaka 1000, na asili ya Kiarabu iliongezeka baada ya 1500. Upande wa Asia uliletwa zaidi na wanaume. Upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote. Makaburi hayo si ya Pemba, lakini Mpemba akiyasoma matokeo yake atajiona ndani yake.

Wapo wanaosema mambo haya yaachwe, yataamsha aibu na fitina. Hofu hiyo inaeleweka katika visiwa vilivyopitia Mapinduzi ya mwaka 1964. Lakini aibu iko wapi? Kila hujaji anayekwenda mbio baina ya Safa na Marwa anafuata nyayo za Bi Hajar, mjakazi na mama wa Nabii Ismail. Uislamu umeagiza mtoto aitwe kwa baba yake. Haukuagiza mama afutwe.

Wazao wa Waskoti wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, waliovuka bahari kwa wingi kuanzia 1718 kwenda makoloni ya Marekani, wanaujua uchungu huu wa kumpoteza mama katika kumbukumbu. Kwao mke huzama ndani ya jina la mume, na mtafiti akirudi Ireland anakuta kumbukumbu nyingi ziliteketea Dublin mwezi Juni 1922. Pemba ina nafuu: mwanamke wa Kiislamu akiolewa hubaki binti fulani, hulipwa mahari kwa jina lake, humiliki mikarafuu kwa jina lake. Hati za mashamba, za wakfu na za mirathi zinawataja wake na mabinti, na baadhi ya wakfu ziliwataja hata watumwa walioachwa huru. Nyingi zimo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Nyingine zinaliwa na mchwa majumbani.

Kinachohitajika hakina gharama. Kila familia iliyo na shajara ikae na bibi mkongwe aliye hai, iandike kando ya kila jina la mwanaume jina la mama yake, kabila lake na kijiji chake, hata kama ni jina moja tu lililobaki. Hati za sandukuni zipigwe picha, na nakala ipelekwe kwenye Nyaraka. Wenye ndugu Maskati na Mombasa wawapigie simu wiki hii, kwani huko nako wazee wanaokumbuka majina hayo wanazidi kupungua.