Usizime Ukuta wa Moto, Panga Seva Yako

Leo nina malalamiko, na mtu wa kwanza ninayemlalamikia ni mimi mwenyewe.

Kila mara fundi anapoweka programu ya seva na ikakataa kuongea na watu wa nje, ushauri wa kwanza anaopewa ni huu: "Zima ukuta wa moto, kisha ujaribu tena." Anazima. Inafanya kazi! Anafurahi, anafunga tarakilishi yake na kwenda nyumbani. Kwa maoni yangu huo ndio ushauri mbaya kuliko wote katika kazi yetu, na ubaya wake ni kwamba huwa unafaulu.

Mwaka wa 2017 nilikuwa nahudumia chama kimoja kidogo cha akiba na mikopo. Tawi lao lilikuwa litume faili za malipo kila jioni, kwa njia ya FTP, hadi kwenye seva ya kukodi iliyokuwa na anwani ya wazi kwenye mtandao. Siku ya kwanza karani wa tawi alinipigia simu: "Nenosiri limekubali, lakini orodha ya faili haiji. Imekwama tu." Nilihangaika kwa saa mbili. Jioni ikaingia, nikauzima ukuta wa moto. Orodha ikaja. Nikajiambia nitauwasha kesho.

Kesho hiyo haikufika. Kwenye seva hiyo hiyo kulikuwa na hifadhidata ya MySQL, poti 3306, na nenosiri ambalo naona haya kulitaja. Wiki ya tatu tulikuta majedwali yote yamefutwa na limebaki moja tu, lenye ujumbe wa kudai Bitcoin. Hatukulipa. Nakala ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Makarani walikaa hadi usiku wakiingiza upya malipo kutoka kwa vitabu vya risiti. Mzee mmoja alisimama dirishani na risiti yake mkononi, akiuliza kama pesa zake zipo. Zilikuwepo, lakini hatukuwa na la kumwonyesha kwenye skrini.

Sasa tuangalie tatizo lenyewe, maana lilikuwa dogo.

FTP ni ya zamani kuliko kuta za moto. Maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka wa 1971, na kanuni tunazofuata hadi leo, RFC 959, ni za Oktoba 1985. Tofauti na wavuti, FTP hutumia miunganisho miwili. Wa kwanza ni wa amri, kwenye poti 21: hapo ndipo jina na nenosiri hupita. Wa pili ni wa data, na hata orodha ya faili hupitia huko. Ndiyo sababu karani wangu aliingia vizuri kisha akakwama.

Katika mtindo wa kale, seva ndiyo inayompigia mteja kumpelekea data. Ukuta wa mteja ukiona mgeni anabisha kutoka nje, unamkataa. Mwaka wa 1994 Steven Bellovin aliandika RFC 1579 akipendekeza programu za wateja zitumie amri ya PASV: mteja ndiye aanzishe miunganisho yote miwili, na seva imwambie tu aje poti gani. Seva hujibu kwa namba sita, kwa mfano 203,0,113,5,156,64. Nne za kwanza ni anwani. Mbili za mwisho ni poti: 156 mara 256, ongeza 64, unapata 40000.

Kwa hiyo mzigo umehamia kwetu sisi wenye seva. Kwa vsftpd, usipotaja chochote, seva huchagua poti yoyote ile, na ukuta ulioruhusu 21 pekee hauwezi kujua. Dawa ni hii:

pasv_enable=YES
pasv_min_port=40000
pasv_max_port=40050
pasv_address=203.0.113.5

Kisha kwenye ukuta:

ufw allow 21/tcp
ufw allow 40000:40050/tcp

Basi! Poti 51 zinatosha ofisi ndogo. Weka anwani yako badala ya hiyo ya mfano. Mstari wa pasv_address ni muhimu hasa kama seva iko nyuma ya ruta, la sivyo itamwambia mteja aende 192.168 na kitu, anwani ambayo nje haipo. Na ruta nayo lazima ielekeze poti hizo hizo kwa seva. Ukimaliza, jaribu kwa intaneti ya simu yako, si ukiwa ndani ya ofisi ile ile.

Najua mtasema: mteja anasubiri, bosi anapiga simu kila dakika tano, nani ana muda wa kusoma RFC? Nakubali. Lakini kuzima ukuta kunakuambia tu kwamba ukuta ndio uliozuia. Hakukuambii ni poti gani. Kumbukumbu za ukuta wenyewe, au tcpdump, zitakuonyesha namba yenyewe kwa dakika chache. Mlinzi akimzuia mgeni wako langoni, humfukuzi mlinzi. Unampa jina la mgeni.

Swali lingine la haki: kwa nini bado tunatumia FTP? Hupitisha nenosiri bila kuficha chochote. Ukiificha kwa TLS, ukuta hauwezi tena kusoma zile namba sita, kwa hivyo safu maalum ya poti inahitajika hata zaidi. Chrome na Firefox ziliacha kuifungua mwaka wa 2021. Kama unaanza leo, tumia SFTP, inayopitia SSH, kazi iliyoanzishwa na Tatu Ylönen wa Ufini mwaka wa 1995. Poti moja tu, 22, na kila kitu kimefichwa. Lakini kuna skana na kamera nyingi zinazojua FTP pekee, na ukikutana nazo, utaihitaji mistari ile minne.

Kule kwenye chama, kuiandika na kuijaribu kulinichukua dakika kumi na tano. Niliiandika siku nne kuchelewa kwa data, na wiki tatu kuchelewa kwa kila kitu kingine.

Haya, ingia kwenye seva yako sasa hivi uandike "ufw status". Ikijibu kwamba ukuta haufanyi kazi, jaribu kukumbuka ni lini ulisema utauwasha kesho.