Gari la Kuungaunga: Nguvu Ikiongezwa Mbele, Tazama Nyuma

Alizeti ikisha kuuzwa na zabibu zikisha kulipwa, ndipo huku Ugogo watu hukaa chini ya mti kuhesabu fedha. Watu watano au sita wa kijiji kimoja huchanga, hununua Land Rover kuukuu la springi za bapa, nalo hupelekwa kwa fundi. Hutolewa injini yake na kutiwa nyingine yenye nguvu. Kisha hunyanyuliwa, hutiwa matairi makubwa, hurefushwa bodi nyuma. Likitoka hapo lang'aa kwa rangi mpya na watoto hulikimbilia. Masika yafika. Siku ya kwanza ya kumpeleka mama mwenye uchungu wa uzazi hospitali, gari lasimama katikati ya korongo. Injini yanguruma vizuri kabisa, lakini gari haliendi.

Wengi wameniuliza sababu ya jambo hilo. Mimi ni karani, si fundi, ila kazi yangu mojawapo ni kuandika daftari la gari: mafuta, vipuri, siku na maili. Daftari huona yale ambayo fundi mmoja hayaoni, maana mafundi hubadilika na daftari hubaki. Katika daftari moja nililo nalo, gari lilitiwa injini kubwa mwezi wa Juni. Kwa miaka minne iliyotangulia haikununuliwa hafushafti hata moja. Baada ya hapo zilinunuliwa tatu kabla ya Pasaka. Hafushafti ni ule mtaimbo wa chuma upitao ndani ya ekseli, kutoka difu kwenda gurudumu. Dereva alisingiziwa sana. Lakini dereva alikuwa yule yule, na njia zile zile; kilichobadilika ni injini.

Fikirini watu waliojipanga wakipokezana magunia toka ghalani. Wa kwanza ni injini, anayefuata klachi, kisha giaboksi, propela, difu, hafushafti, na mwisho gurudumu. Ukimwondoa yule wa kwanza ukamweka pandikizi la mtu arushaye magunia kwa nguvu, hataumia yeye. Ataumia yule mwembamba wa mwisho. Basi kila ubadilishapo kitu katika gari, fuata mzigo mpaka mwisho wa safu uone ni nani sasa atakayeupokea. Fundi asiyefanya hivyo hajalitengeneza gari, amehamisha tu mahali pa kuvunjikia.

Habari hii si ngeni katika Mkoa wetu. Wazee wa Kongwa husimulia juu ya mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, kwa sababu ya uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka pori la Kongwa. Shabaha ilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Matrekta mapya hayakupatikana. Wakanunua makuukuu yaliyoachwa na vita, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Tena kampuni ya Vickers ya Uingereza ilichukua vifaru vya vita aina ya Sherman, ikaviondoa mizinga, ikavigeuza kuwa matrekta. Wakayaita Shervick: Sher ya Sherman, Vick ya Vickers. Kwa macho, ni mashine ya kutisha. Nani angedhani mbuyu waweza kushindana na kifaru?

Hata hivyo mashine ziliharibika kwa wingi, na vipuri na mafundi havikutosha. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali la kuchoma, ukatafuna majembe. Januari 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwenda. Sisemi kwamba vifaru peke yake viliharibu kazi. Mvua chache na udongo huo vilitosha kabisa. Lakini chombo kilichoundwa kwa vita kilipewa kazi ya shamba kabla ya kujaribiwa vya kutosha katika udongo wenyewe.

Mwaka ule ule wa 1947, bwana mmoja mhandisi wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Hapo alitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Yeye na wenzake wakaunda gari la kujaribia juu ya chasisi ya Jeep, na usukani wakauweka katikati, ili mkulima alitumie kama trekta. Wakalijaribu. Usukani wa katikati haukufaa, wakauacha. Chasisi ya Jeep nayo wakaiacha, wakaunda ya kwao. Chuma cha bati kilikuwa haba baada ya vita, basi bodi wakaifanya kwa alumini. Aprili 1948 gari likaonyeshwa mjini Amsterdam kwa jina la Land Rover. Kwa hiyo hata hilo mnalolikata leo lilianza likiwa gari la kuungaunga. Tofauti ni kwamba wao walikuwa tayari kutupa kile kilichoonekana hakifai, hata kama kilikuwa kimegharimu fedha.

Sasa tuje kazini. Swali la kwanza kwa fundi lisiwe "injini gani?" bali "gari hili litabeba nini, na litapita wapi?" Barabara kuu zetu za kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Babati zina lami, lakini mgonjwa hatoki kwenye lami. Atoka ng'ambo ya korongo la mchanga au ng'ambo ya mbuga yenye udongo mweusi. Kwa kazi hiyo yatakiwa nguvu ya polepole, si mbio. Kweli, huku juu kwenye mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Lakini gia ya chini ya Land Rover iliwekwa kwa ajili hiyo hiyo. Mara nyingi injini ya zamani ikifunguliwa, ikatiwa ringi na kusagwa valvu, yatosha.

Mkiazimia kubadilisha, angalieni pale injini ngeni inapoungana na giaboksi. Bamba la kuunganishia likikaa upande hata unene wa ukucha, klachi itang'ang'ania, gia zitalia, na beringi ya mbele ya giaboksi itakufa baada ya miezi. Fundi apime kwa saa ya kupimia, si kwa jicho. Tena injini ya dizeli ni nzito. Springi za mbele zitalala. Na namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari: pelekeni habari TRA ibadilishwe, na bima waambiwe, msije mkapata ajali na kuambiwa gari lenu halijulikani.

Juu ya kulinyanyua gari, nina ugomvi kidogo na vijana. Wao hupenda gari lililosimama kama twiga. Gari likipanda, propela hukaa kwa mshazari mkubwa, na viungo vyake hulia na kulika. Mipira ya breki, iliyokatwa kwa urefu wa zamani, huvutwa gurudumu linaposhuka shimoni, nayo yaweza kukatika. Ukiinua, badilisha mipira ya breki siku hiyo hiyo, kabla ya rangi. Na gari refu kwenda juu hupinduka upesi, hasa likiwa na watu juu ya keria.

Tairi ndilo jambo lisilosemwa, nalo huharibu magari mengi kuliko yote. Katika Land Rover la namna hii, ukiisha kufunga magurudumu yote manne yavute, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka sawasawa. Sasa tazama gari la kijijini: mbele matairi mapya makubwa, nyuma yale yaliyolika, au upande mmoja ukubwa huu na upande wa pili ukubwa ule. Lipitapo kwenye mchanga, magurudumu huteleza kidogo na hesabu hujilipa. Likipita barabara ngumu, hayawezi kuteleza, basi chuma hujikaza ndani mpaka kitu kivunjike. Dalili yake ni usukani mzito na kishikio cha gia kukataa kutoka. Ukiona hivyo usikipige teke. Rudisha gari nyuma hatua chache, chuma kitalegea, kishikio kitatoka. Matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja na ya kulika kwa kadiri moja. Na kwenye lami usifunge magurudumu manne kamwe.

Kurefusha bodi nyuma ya ekseli ili kupata nafasi ya abiria wengine sita ni hatari, nasema wazi. Mzigo ukining'inia nyuma, mbele hupunguka uzito, usukani hauskiki, na chasisi hupasuka karibu na vishikio vya springi. Safisheni chasisi kwa brashi ya waya, mtazame pale pale kwa tochi kila mwezi. Tena jambo la kufa na kupona: tangi la petroli, hata likiwa tupu, lisichomelewe na moto. Petroli iliyokwisha huacha mvuke, na mvuke huo hulipuka kuliko petroli yenyewe.

Turudi kwa gari letu lililokwama korongoni, injini ikinguruma. Usikimbilie kufungua giaboksi. Kwanza weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, maana breki ya mkono ya Land Rover za zamani hushika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Hafushafti ikikatika, breki hiyo haizuii gari tena. Kisha mmoja atie gia na kuachia klachi taratibu, mwingine atazame kwa mbali, asiingie chini. Propela ya nyuma ikizunguka na magurudumu yametulia, kilichokatika ni hafushafti au difu. Bonyeza kile kishikio cha manjano ili magurudumu ya mbele yavute. Kama haba za mbele zina vifungio vya mkono, shuka uvifunge kwanza. Wengi wamelala porini kwa kusahau hilo tu. Kisha ondoeni mawe, gari litavutwa na mbele mpaka hospitali, polepole.

Ikiwa ndani ya difu chavunjika kitu kwa kelele, usiendelee hivyo. Fungua bolti za haba za nyuma, vuta hafushafti zote mbili, na propela ya nyuma uifungue. Magurudumu hayatatoka, kwa kuwa katika ekseli hii yashikwa na haba, si na hafushafti. Funga matundu kwa nailoni na kamba, vumbi lisiingie.

Gari likizima saa saba mchana mlimani, kisha likawaka baada ya kupoa, kama ni la petroli mara nyingi petroli imechemka ndani ya bomba. Funika pampu ya petroli kwa kitambaa chenye maji, na baadaye bomba lisogezwe mbali na ekzosi. Likichemka maji, tazama uso wa rejeta kabla ya kulaumu injini: mbegu za majani marefu ya baada ya masika huziba matundu yote. Funga wavu mwembamba mbele yake, na uusafishe kila usimamapo. Mbegu hizo hizo hukusanyika juu ya ekzosi zikawaka moto, nalo gari likateketea na mizigo. Usifungue kifuniko cha rejeta ingali moto, wala usimwage maji baridi ndani ya injini iliyochemka, utaipasua.

Na ukivuka maji ya kifuko cha magurudumu kwenda juu, kumbuka kwamba ekseli yenye moto ikizama ghafula katika maji baridi huyavuta ndani. Liache gari lilale usiku. Asubuhi legeza kidogo bolti ya chini ya difu. Maji ni mazito kuliko oili, nayo hutoka kwanza. Oili ikitoka nyeupe kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa, imwage yote, tia mpya. Kama injini ya dizeli imezima ndani ya maji, usijaribu kuiwasha hata mara moja. Livuteni gari kwa ng'ombe mpaka kavu, fungueni nozeli, mzungushe injini kwa mkono maji yatoke, ndipo mjaribu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaandika juu ya breki zenyewe, na namna ya kuligawa daftari la gari ili wenye kuchanga wasigombane juu ya mafuta.