Shamba Likigeuka Ploti, Nani Ameuliza Maji Yatapita Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona kila siku na kulinyamazia. Anayesafiri leo kwa ile barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, atajionea mwenyewe. Palipokuwa na mihogo, maharage na tumbaku sasa pana vigingi vya wapima ardhi, marundo ya matofali na vibao vya ploti zinazouzwa. Arua ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, vijiji vingi vya Ayivu viliamka asubuhi vikiwa ndani ya jiji, na jembe likiwa bado mlangoni. Koboko nayo imekuwa manispaa, na biashara ya Sudan Kusini na Kongo inaleta watu wanaotafuta pa kulala.

Hatupingi nyumba. Makazi ni haja ya mwanadamu, na mwenye shamba ana haki ya kuuza mali yake, awe anatafuta ada za shule, matibabu au nauli ya Hijja. Tunachouliza ni kimoja: kabla shamba halijageuka mtaa wa nyumba mia, nani amepima litakalowapata walio bondeni?

Sheria ya nchi inaliuliza swali hilohilo. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 1995, iliyounda mamlaka ya NEMA, ilitaja mabadiliko makubwa ya matumizi ya ardhi miongoni mwa mambo yanayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni zake za 1998 zilimtaka mwenye mradi autangaze kwa muda usiopungua siku 14, kwa lugha wanayoifahamu watu watakaoguswa, kisha akutane nao na kuwasikiliza. Sheria hiyo imebadilishwa na ya 2019, na kanuni na zile za 2020, lakini wajibu wa kuwashauri wananchi haukuondolewa. Na tathmini haifanywi na mtu yeyote tu. Hufanywa na wataalamu waliosajiliwa, ingawa tusisahau kwamba anayewalipa ni mwenye mradi mwenyewe. Kama wenyeji hawakusema kitu, mtaalamu ataandika nini?

Hapa tukiri kosa letu. Tumewahi kualikwa kwenye kikao cha namna hiyo, nasi hatukwenda. Tulisema ni mambo ya wanasiasa na wenye pesa. Baadaye mvua kubwa ilipoleta tope kwenye chemchemi ambayo watoto wa madrasa huchota maji ya udhu, tulilalamika wiki nzima barazani. Malalamiko ya barazani hayaandikwi kwenye ripoti yoyote.

Tuangalie basi mambo yenyewe, maana wengine hudhani tathmini ni kuhesabu miti tu.

La kwanza ni maji. Shamba hunywa mvua. Ukilifunika kwa mabati na saruji, maji yaleyale hukimbia juu ya ardhi, hukusanya nguvu na kuteremka kwa jirani. Kisha vyoo. Nyumba moja yenye choo cha shimo katikati ya shamba haina neno kubwa, lakini nyumba mia juu ya mlima, bila bomba la maji machafu, ni habari nyingine kabisa. Visima vyetu vya pampu na chemchemi hupata maji kutoka ardhi ileile. Mto Enyau, ambao mji wa Arua umekuwa ukiunywa kwa miaka mingi, hupokea kila kinachoteremka kutoka mitaani. Kanuni za 2000 za ardhioevu na kingo za mito zinataka mita 30 ziachwe kando ya mito midogo na mita 100 kando ya mito mikubwa iliyotajwa. Wengi wa wanaonunua ploti bondeni hawajaisikia habari hiyo, na dalali hana haraka ya kuwaambia.

Hili la mipaka ya maji si geni kwetu Waislamu. Wanafunzi wa fiqhi wanalijua neno harimu, yaani eneo linalozunguka kisima ambalo mtu mwingine haruhusiwi kuchimba wala kujenga. Imepokewa katika hadithi kwamba harimu ya kisima ni dhiraa 40, karibu mita 18 hivi, na mafaqihi wa Kishafii wakaeleza kwamba kipimo hufuata haja, kiasi cha kuyalinda maji yasidhurike. Mtume (s.a.w.) alikataza pia kujisaidia kwenye maji wanayoyaendea watu, njiani na kivulini. Sasa anayegawa ploti 100 bila kupanga vyoo vitamwaga wapi, tofauti yake na anayejisaidia kisimani ni ipi? Labda ni idadi tu.

La pili ni udongo. Baadhi ya mashamba yetu yalilimwa tumbaku na pamba miaka mingi, na ziko dawa za zamani, kama DDT, ambazo hukaa ardhini kwa muda mrefu sana. Haimaanishi kila shamba lina sumu. Yafaa kupima tu, kabla watoto hawajacheza hapo na mama hajapanda sukuma wiki nyuma ya nyumba.

La tatu ni makaburi, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Huku kwetu Walugbara, Wakakwa na wengineo huzika nyumbani, shambani. Babu yuko chini ya mwembe, bibi kando yake. Shamba likiuzwa kwa mtu wa mbali, yule atakayepitisha greda hatajua. Tathmini nzuri huuliza makaburi yako wapi, yakaingizwa kwenye ramani. Lakini anayejua ni nani kama si ninyi wazee? Heshima ya maiti katika dini yetu inajulikana. Ni aibu kuona ukoo umekumbuka kaburi baada ya pesa kugawanywa.

Kuna hila moja inayotusumbua zaidi ya yote. Mradi mkubwa wa kampuni angalau una jina na ofisi, hivyo watu wanajua pa kuuliza. Huku kwetu mitaa mingi huja kimyakimya. Ardhi kubwa ya ukoo, isiyo na hati, hukatwa vipande na dalali. Kila kipande huuzwa kwa karatasi iliyotiwa muhuri wa mwenyekiti wa LC1, kila mnunuzi hujenga peke yake, na hakuna anayejiita mwenye mradi. Basi hakuna tathmini. Baada ya miaka mitano mtaa upo, lakini mfereji haupo, njia ya gari la zimamoto haipo, na pa kutupa taka hapajulikani. Sheria ya Mipango ya 2010 imeitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hata kijijini hakuna udhuru wa kusema mji haujafika. Sheria ya Ardhi ya 1998 nayo inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla ardhi ambayo familia inaishi au inajipatia riziki haijauzwa. Mama zetu ndio wanaochota maji. Wangeulizwa mapema, tathmini nusu ingekuwa imekwisha fanyika.

Tuseme na lile linalouma. Mara nyingi muuzaji ni Mwislamu, dalali ni Mwislamu, na mnunuzi mkubwa ni Mwislamu. Akiahidi kutoa kiwanja cha msikiti katikati ya mtaa mpya, kamati hufurahi na midomo hufungwa. Msikiti ni kheri kubwa. Lakini Uislamu umekataza mtu kumdhuru mwenzake, na kiwanja cha msikiti hakifuti madhara ya jirani ambaye kisima chake kimeharibika. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi ya Khaybar alikwenda kwanza kumtaka Mtume (s.a.w.) ushauri, na ardhi ile ikawa wakfu. Sisi tunauza kwanza, tunataka ushauri baadaye.

Wapo watakaosema hii ni kuzuia maendeleo, na kwamba ripoti hizi huandikwa Kampala na kufungiwa kabatini. Hilo la kabati lina ukweli. Ndiyo maana ipo Sheria ya Kupata Habari ya 2005, inayompa raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa serikali na kujibiwa ndani ya siku 21. Barua ya ukurasa mmoja kwa afisa mazingira wa wilaya, au wa jiji kwa walio Arua, yatosha kuuliza: mradi huu umefanyiwa tathmini? Nani alishauriwa? Maji yatapita wapi? Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuiandika, na wazee wakatia sahihi.

Sisi katika madrasa tumekubaliana kuwapa wanafunzi wakubwa kazi hiyo muhula huu, baada ya somo la fiqhi ya maji. Wataanza kwa kuchora ramani ya visima, chemchemi na makaburi ya kijiji chao. Wazazi, wakija kuwauliza, tafadhalini waonyesheni.

Wabillahi tawfiq.