Maji ya barafu nayo yana gesi



Tumezoea kusikitikia barafu ya Kilimanjaro, ambayo asilimia 85 yake ilitoweka kati ya mwaka 1912 na 2007. Lakini wengi hatujui kuwa kwingineko maji ya barafu hutoka na gesi.

Sisi wa Babati tutaelewa upesi. Ukikanyaga tope la ziwa letu huibuka mapovu. Aghalabu hayo ni methani, gesi itokanayo na majani yaliyooza pasipo hewa. Huko Greenland, chini ya barafu nene, mna udongo wenye masalia ya mimea ya kale. Mwaka 2019 wanasayansi walieleza kuwa maji yapitayo chini ya barafu hiyo huitoa methani hadi nje. Kwa kipindi cha miaka 20, gesi hiyo huongeza joto kama mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule.

Basi joto laweza kuzaa joto. Gesi hiyo haina bomba la kufunga. Dawa ni barafu isiyeyuke. Mataifa yenye viwanda yaliyokubali Mkataba wa Paris mwaka 2015 yatimize ahadi. Mkulima wa Babati asilipishwe deni asilokopa.

Msomaji wako,
Babati, Manyara.