Tumuulize na Mtunzi

Mchezo wa chemsha bongo ya muziki, ambao vijana wa siku hizi huucheza kwa simu, mmoja akipiga mwanzo wa wimbo kwa sekunde chache na wenziwe wakishindana kumtaja mwimbaji na mwaka wimbo huo ulipotoka, umelaumiwa na baadhi ya wazee wetu wa Shinyanga na Geita kuwa ni upuuzi uwapotezeao vijana wakati. Nami, pamoja na taadhima yangu yote kwa wazee hao, siafikiani nao. Mtu akumbukaye kwamba albamu ya Thriller ya Michael Jackson ilitoka mwaka 1982, na kwamba Mbaraka Mwinshehe alifariki dunia Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya, akili yake haijalala. Tena mchezo huu si mgeni kwetu kama udhaniwavyo, maana Msukuma aliyelelewa karibu na moto wa bibi yake ameitwa tangu utotoni kwa “Kalagu!”, naye akaitika “Kize!”, kisha akategewa fumbo mbele ya wenziwe wote, akilifumbua apate sifa, akishindwa anyamaze na kujifunza.

Lakini mchezo huo una kasoro moja kubwa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Jioni moja kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, mkoani Geita, karasha za kusagia mawe zilipokwisha kuzimwa na vumbi la mawe lingali limeganda kwenye nyusi za watu, niliketi katika banda la mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Shinyanga, auzaye chai na maandazi. Vijana wapatao sita waliotoka duarani, yaani kwenye mashimo ya machimbo, walikuwa wakishindania soda. Ukapigwa wimbo wa “Malaika”. Kijana mmoja, taa yake ingali kichwani, akawahi kusema, “Boney M!” Mwenzake akamkatalia, akasema ni Miriam Makeba, na simu ikamkubali huyo wa pili. Yule mama akageuka kutoka kwenye karai la mafuta, akasema, “Wanangu, wimbo huo una mwenyewe.” Wakamwuliza, “Nani, mayu?” Akajibu, “Fadhili William.” Jina hilo halikuwamo katika majibu manne yaliyoandikwa kwenye simu, basi soda ikamwendea aliyemtaja Makeba, na mama akarudi kwenye maandazi yake.

Ni kweli kwamba Makeba aliuimba, pamoja na Harry Belafonte, katika albamu yao ya mwaka 1965, na Boney M nao wakauimba mwaka 1981; bali kabla yao wote Fadhili William wa Kenya alikuwa amekwisha kuurekodi na kundi lake la Jambo Boys, na hata yeye hakuachiwa kwa amani, kwani Adam Salim naye alidai kuwa ndiye aliyeutunga. Tazama basi, ndugu msomaji, jinsi swali la “nani aliimba?” lilivyotuficha habari hiyo yote, ambayo lau lingeulizwa swali la “nani alitunga?”, wale vijana sita wangeijadili mpaka chai ikapoa.

Wala “Malaika” si peke yake. “Jambo Bwana” iliyoimbwa na hao hao Boney M ilikuwa ya Them Mushrooms wa Mombasa. Na lililo zito kuliko hayo ni la Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1939 alirekodi “Mbube” mjini Johannesburg na wenziwe wa Evening Birds, akauachia wimbo huo kwa shilingi kumi. Vijana wa Marekani walioitwa The Tokens wakaupandisha kileleni mwaka 1961 kwa maneno ya Kiingereza, Linda akafa maskini mwaka uliofuata, filamu ya The Lion King ikautumia mwaka 1994, na warithi wake hawakufikia suluhu ya malipo mpaka mwaka 2006. Mchimbaji mdogo wa Geita anaifahamu dhulma ya namna hii bila kufundishwa, kwani yeye ndiye ashukaye duarani kwa kamba, lakini dhahabu ikishafika mjini hakuna aulizaye ni mikono ya nani iliyoipandisha.

Hata sheria ya nchi yetu, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, imempa mtunzi haki yake na mwimbaji haki yake, kila mmoja mbali. Iweje basi mchezo wetu uwachanganye?

Fauka ya hayo, sisi wa Usukumani tuna sababu ya ziada ya kulishika jambo hili. Hapa petu, tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, wafuasi wa Ngika na Gumha, wamekuwa wakishindana ngoma baada ya mavuno, makundi mawili yakicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na ushindi ukawa wa lile livutalo watu wengi zaidi. Na watazamaji walikwenda kumsikiliza ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, kama Kalikali Mbagule, ambaye utunzi wake ulichunguzwa hata katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naam, mjukuu wa watu hao anaweza leo kukutajia vibao vya Diamond Platnumz kwa mfuatano wa miaka yake, jambo ambalo silichukii hata kidogo, ilhali jina la ningi mmoja wa kijiji cha babu yake halijui.

Nawasihi basi vijana mtungao maswali, na walimu, na watangazaji wa redio zetu za mikoani wenye vipindi vya salamu na zawadi: ongezeni swali la mtunzi, na katika kila maswali kumi, mawili yawe ya nyumbani. Asemaye kuwa hii ni burudani tu na isitiwe uzito, namjibu kwamba kijana huyakumbuka ya burudani miaka mingi baada ya kuyasahau ya darasani, na kwa hiyo kwenye burudani ndiko hasa uzito unakotakiwa.

Jioni ile haikuishia kwenye soda. Yule mama, baada ya kuepua karai, aliimba kwa sauti ya chini mstari wa wimbo mmoja wa bugobogobo, wa kulimia, akawauliza ni wa nani. Wote kimya. Ndipo yule mwenye taa kichwani alipompigia simu babu yake aliyeko Shinyanga vijijini, akamwamkia, akamweleza swali. Babu akacheka, akasema jina la mtunzi limo ndani ya wimbo wenyewe, maana ningi hujitaja ili asiibiwe. Wamwombe mama auimbe mpaka mwisho. Wakasogeza viti.